Mto Kalimabenge Ulipofika kwa Mama Yako

Uvira, mtaa wa kartye ya Waswahili,
tarehe 6 mwezi wa tano, 1956.

Mpwa wangu mpendwa Safi,

Asalaam aleikum, mtoto wa dada yangu. Pokea salamu zilizo nyingi kuliko ndagala wavuni wa mwezi wa giza, kutoka kwa mjomba wako Selemani, ambaye anakuandikia kwa mkono wake mwenyewe. Karani wa posta alipoona mwandiko wangu juu ya bahasha ya barua iliyopita aliuliza nimesoma shule gani. Nikamwambia nimesoma miaka miwili tu, baada ya hapo mwalimu aliona haya kuendelea kunifundisha.

Je, hujambo? Je, mkwe wetu Amisi hajambo, na kazi yake ya reli bado inamvunja mgongo? Awe anajipaka mafuta ya mawese usiku, mimi ndivyo ninavyofanya na mgongo wangu ni wa kijana. Na mtoto Maneno ameshakuwa mtu wa kukimbia? Mchunge asikaribie maji. Wewe ulipokuwa sawa na yeye ulitambaa mpaka ziwani, nikakutoa mdomoni mwa mamba kwa kumtia mamba kidole katika jicho. Mama yako alikuwa akisema si mamba, ni gogo. Mungu amrehemu Zaina, alikuwa mwanamke mwema sana, ila macho yake hayakuona mbali.

Sisi huku tuko wazima, kwa maana kwamba tunapumua. Saumu tunafunga na Idi imekaribia. Mkaza mjomba wako Mwajuma anakohoa, kwa sababu tunalala barazani kwa watu, lakini anakohoa huku anagomba, hiyo ni dalili ya afya.

Barua yako ilifika. Umesema baada ya Idi utapanda treni mpaka Albertville, halafu meli mpaka Kalundu, uje uone kaburi la mama yako, kwa kuwa alipofariki ulikuwa na mimba nzito ya huyu Maneno na hukuweza kusafiri. Nilisoma maneno yako mbele ya watu, nikaapa kwamba nitakupeleka mimi, hata macho yakifungwa kwa kitambaa. Sasa, Safi, ni kwa habari ya hilo kaburi nimekaa chini kuandika. Nivumilie kidogo, nitafika.

Kwanza usiwasikilize mabaharia. Najua meli ikifika Albertville wanashuka na midomo yao, na maneno yanapanda treni mpaka kwenu Niemba. Watakuambia mto Kalimabenge ulifurika mpaka maji yakapita juu ya paa la kanisa la mapadri. Uongo. Wanaongeza chumvi. Mimi nilikuwapo, na ninakupa kweli tupu: nimeona jiwe kubwa kuliko kamioni ya mizigo likitembea peke yake barabarani, halina haraka, kama bwana mkubwa anayekagua mji. Na nimeona kiboko amesimama mbele ya duka la Mugiriki, kichwa ndani, matako nje, sawa na mtu anayeuliza bei ya chumvi. Muulize yeyote. Wale waliokuwa pamoja nami wakikataa, ni kwa sababu walikuwa wanakimbia na hawakugeuka.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali. Hapa mjini hata tone moja halikuanguka. Lakini kule juu milima ilikuwa myeusi kama sehemu ya chini ya chungu, na mto ulianza kuwa mwekundu na kunuka udongo. Hakuna aliyeogopa. Unajua desturi yetu: mvua ya milimani inatuletea kuni. Wanawake walishuka na kamba zao mpaka mahali mto unapoingia ziwani, wakawa wanavuta miti na kucheka, kila mmoja anafikiria moto wa futari.

Nilikuwa nimekaa nje na Protais. Huyu ni rafiki yangu, Murundi wa Runingu, mkristo, anatuletea mpunga wa bondeni. Akaacha kusema katikati ya neno.

“Selemani, sikiliza. Treni imefika Uvira?”

“Treni itoke wapi, weye? Reli iko kwao mpwa wangu.”

“Basi iko kitu kinakuja kama treni.”

Wewe unaijua sauti hiyo, unaisikia kila siku pale stesheni. Fikiria sasa inatoka mlimani na haina njia ya chuma ya kuishika.

Nilimbeba Mwajuma begani, na mbuzi kwa mkono mmoja, na Kurani kwa meno. Mwajuma anasema ni yeye aliyenivuta kwa kanzu na kwamba mbuzi alikimbia mwenyewe. Hatutagombana kwa hilo. Tulipofika juu kwenye mawe tukageuka, mto ulikuwa umetoka katika kitanda chake umelala katika nyumba zetu. Maji hayakuwa maji, yalikuwa uji wa mawe na miti. Nyumba yangu ilisimama kidogo, halafu ikapiga magoti. Umebaki mlango tu na fremu yake, na umefungwa kwa ufunguo, kwa kuwa mimi ni mtu wa kufunga mlango.

Waliokufa sitawaandika majina hapa. Wengi wao unawajua, na karatasi ni ndogo. Mmoja tu nitakuambia, kwa sababu ananijia kila nikifumba macho. Ni mwanamke wa wale wa kuni, wa upande wa Mulongwe, simjui jina. Alikuwa amekumbatia mti uliokwama, mbali na mimi si zaidi ya kutoka barazani mpaka barabarani. Nilimrushia shuka nikishika ncha. Fupi. Nikavua kanzu, nikaifunga na shuka. Fupi bado. Alinitazama, nami nikamtazama. Alinyoosha mkono hivi, akauacha hewani, kama mtu anayesema usijisumbue, baba. Halafu mti uligeuka.

Sina la kuongeza hapo.

Asubuhi maji yalikuwa yamepungua, jua limetoka zuri, ndege wanaimba kama wapumbavu. Ndipo nilipokwenda kwenye makaburi.

Unapakumbuka mahali pale, juu ya ukingo wa Kalimabenge. Wazee walipachagua kwa kuwa udongo wake ni laini, na mawe ya kuweka kichwani kwa marehemu yako karibu: unashuka mtoni, unachagua jiwe la mviringo, unapanda nalo. Sisi hatuandiki jina wala hatujengi kitu. Kila mtu anajua mtu wake yuko kwenye jiwe gani, na hiyo ilitosha tangu babu zetu walipofika na biashara zao za ziwani.

Safi, mto ulikuwa umepanda mpaka pale, na uliporudi uliacha mawe yake. Mawe kila mahali, mviringo ule ule, rangi ile ile, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja na mawe yetu. Ungesimama pale ungedhani dunia nzima imezikwa Uvira. Tena ukingo ulikuwa umekatwa kama mkate. Mistari ya mbele ya makaburi haikuwepo. Mstari wa mama yako, uliokuwa katikati, sasa ndio uliokuwa wa kwanza, na udongo ulikuwa unaendelea kudondoka, kidogo kidogo, tup, tup, mtu akiutazama.

Na milima ilianza tena kuwa myeusi.

Tulimwita mwalimu Ramazani wa msikitini. Alikuja na kitabu chake kimefungwa katika kitambaa, akatazama ukingo, hakufungua kitabu. Alisema, “Maiti hafukuliwi. Lakini maji yakimfuata, tunamhamisha. Ruhusa iko. Tuanze, na tuanze na yule anayejulikana mahali pake. Nani anajua mtu wake?”

Nikasema mimi ninajua.

Pale alikuwapo Bi Mwamini, yule muuza ndagala mwenye sauti, ambaye mama yake amezikwa ubavuni kwa mama yako. Hana kaka, hana mume, amebaki peke yake na mdomo wake.

“Unajua namna gani, Selemani?”

“Ninajua sawa na kiganja changu. Nilimlaza dada yangu kwa mikono hii. Jiwe lake liko na mstari mweupe kama mkanda.”

“Angalia chini.”

Nikaangalia. Mawe yenye mkanda mweupe yalikuwa mengi kuliko kuku.

“Hata bila jiwe,” nikasema. “Nitapima kutoka kwenye mkuyu.”

“Mkuyu uko wapi?”

“Nitapima kutoka mahali mkuyu ulipokuwa.”

“Lo! Huyu muntu anajua kila kitu. Anajua hata samaki wa Tanganyika kwa jina la baba yao.”

“Na mama yako vilevile ninajua mahali pake, Mwamini. Yuko kushoto kwa Zaina.”

“Kushoto kwa namna gani? Ukiwa unatazama ziwa, ao ukiwa unatazama mulima?”

Watu wakacheka. Tulikuwa tumefunga, koo kavu, matope mpaka magotini, na watu wakacheka, hata mwalimu alifunika mdomo kwa kitambaa cha kitabu. Mimi niligeukia ziwa, nikageukia mlima. Nilikuwa natafuta jibu. Mtu akizika hatazami ziwa wala mlima, Safi, anatazama chini.

Nilipima, nikaonyesha mahali. Protais alikuwa amekuja na beleshi lake. Akamuuliza mwalimu kama mkristo anaruhusiwa.

“Chimba udongo,” mwalimu akasema. “Ukikaribia muntu, toka.”

“Sawa, mwalimu. Minye nitafika mpaka mlangoni. Nyinyi wenye nyumba mutaingia.”

Alichimba kwa nguvu nzuri, jasho linamtoka, na alikuwa na kibuyu chake cha maji pale kwenye mti. Hakukigusa siku nzima kwa sababu sisi tulikuwa tumefunga. Mwambie Amisi kwamba watu wa namna hiyo wako.

Mahali pa kwanza hapakuwa na kitu ila matope. Nikasema nilikosea kidogo tu, tusogee. Mahali pa pili udongo ulibadilika rangi. Protais akatoka, akaenda kusimama mbali pale juu, kama alivyoambiwa.

Sasa hapa nisikilize vizuri, kwa sababu ndipo penyewe. Kwa kuwa ni mwanamke, mwalimu aliamuru mambo yafanywe kama siku ya maziko: shuka litandazwe juu ya shimo, wanaume walishike pembe zote na wageuze nyuso, na anayeshuka awe ndugu yake wa damu, si mwingine. Nikashuka mimi. Juu yangu shuka, chini yangu maji yameanza kujaa, ndani giza la matope. Sikuona kitu, Safi. Nilifanya kazi kwa vidole.

Nilikuwa na alama yangu, ambayo sikumwambia mtu. Unakumbuka mkono wa kushoto wa mama yako, ulivyopinda? Tulikuwa watoto, tulikuwa juu ya mti tunaangusha chikichi kule Kavimvira, akaanguka, mkono ukavunjika, ukaunga vibaya. Alipokoroga bugali wewe ulikuwa unamcheka kwa namna alivyoshika mwiko. Nilijua nikipata mfupa huo nitajua. Nilipapasa nikaupata mkono. Nikaanza kupitisha kidole juu yake, polepole, kutoka kwenye kiwiko kwenda chini.

Protais akapiga kelele.

“Mutoke! Mayi! Mutoke, mayi iko inakuja!”

Wote walikuwa wamegeuza nyuso, wanatazama ardhi kwa heshima ya mwanamke. Hakuna aliyekuwa anatazama mlima ila yeye mkristo, aliyefukuzwa pembeni. Nilikusanya nilichoweza kukusanya ndani ya sanda mpya, nikawapa juu, wakanivuta kwa makwapa. Tulikimbia. Sauti ile ya treni ilipita nyuma yetu, na tuliposimama kutazama, mstari wote ulikuwa unakwenda. Hauanguki kwa kishindo, unateleza tu, kama mtu aliyechoka anavyoteleza kitandani. Kaburi la mama yake Mwamini, na ya wengine wote tuliotaka kuwahamisha baada ya mmoja huyo. Maji yaliwachukua, yakawapeleka ziwani, na sisi tumesimama na beleshi moja.

Wewe unanijua. Mimi nimepigana na chui, nimebeba gunia la chumvi kutoka Kalundu mpaka Katogota bila kupumzika. Siku ile nilisimama na mzigo ule kifuani, mwepesi kama mtoto wa juzi, na sikujua miguu yangu iko wapi.

Bi Mwamini alikuja mbele yangu.

“Ni nani huyo?”

“Ni Zaina.”

“Ulimuona?”

“Nilimshika.”

“Sikukuuliza kushika. Ulimuona?”

Nikatazama matope ya vidole vyangu.

“Kama ni mama yangu, weye si ndugu yake. Umemshika mama yangu kwa mikono yako, Selemani?”

Nikamwambia mwalimu tufungue sanda kidogo, nitazame mkono tu, mkono wa kushoto. Mwalimu alikataa. Alisema maiti si mzigo wa sokoni wa kufungua na kufunga, ametolewa mara moja kwa dharura, na dharura imekwisha. Nilimuomba tena, na Mwamini akaomba pamoja nami, sisi wawili kwa sauti moja. Akakataa huku analia. Ni mzee yule, na mke wake alikuwa katika mstari ule ule.

Tulimzika jioni ile ile kabla ya futari, juu, mahali njia ya milimani inapoanza kupanda, ambapo mto hauwezi kufika labda siku ya kiyama. Jiwe la mtoni hakuna aliyetaka kulileta. Tumeweka matofali mawili ya nyumba yangu. Mwalimu aliomba dua na hakutaja jina, alisema tu mja wako huyu, unayemjua wewe.

Kila alhamisi ninapanda kule. Mwamini naye anapanda. Anakaa upande wake, mimi wangu. Siku ya kwanza hakunisalimu. Alhamisi hii jua lilikuwa kali, akasogeza mwavuli wake hata kivuli kikanifikia begani, bila kunitazama. Hatusemi kitu. Tukisema tutaanza kubishana, na mmoja akishinda mwingine atabaki bila mama, ao bila dada.

Basi hiyo ndiyo habari, Safi. Niliapa nitakupeleka macho yamefungwa, na kweli ndivyo itakavyokuwa. Ukiniuliza ni nani yuko pale chini, sijui. Kidole changu kilikuwa njiani, hakikufika.

Lakini njoo. Usiache kuja. Utapanda pamoja nasi, utamsalimu kama mama, na kama ni wa Mwamini haitakuwa dhambi kumsalimu mama wa mtu.

Na kuna jambo jingine, ambalo hawa wa hapa hawalijui kwa sababu hawakusafiri. Mimi nimefanya kazi katika meli, nimelizunguka ziwa hili pande zote. Mito yote inaingia, lakini mlango wa kutokea uko mmoja tu, ni Lukuga, pale Albertville. Kila tone la Tanganyika likitaka kuondoka linapita pale, na kutoka pale linafuata reli, linakuja kwenu. Mto unamochota maji yako ya kupikia ni maji yetu haya. Hii si hadithi ya mamba. Muulize Amisi, watu wa reli wanajua.

Kwa hiyo kama yule wa juu ya mlima ni mama yake Mwamini, basi mama yako ameshaingia njiani. Ziwa ni refu na yeye hakuwa mtu wa haraka, labda atachukua miaka. Wewe ukishuka Lukuga na ndoo, usiipige majini kwa nguvu kama wanavyofanya wasichana. Iteremshe polepole, useme bismillahi, na Maneno akiwa karibu mwambie anyamaze kidogo.

Mwajuma anakusalimu sana na anasema ulete chumvi na sabuni, hakuna duka lililobaki na kitu. Mwalimu Ramazani anakusalimu. Protais anakusalimu ingawa hakujui, nimemhadithia habari zako mpaka anadhani amekulea. Bi Mwamini naye alinikuta naandika, akauliza kwa nani, nikamwambia. Aliichungulia karatasi, halafu akasema, “Mupe salamu, mutoto wetu.” Nimeandika kama alivyosema.

Mungu awafunike wewe, Amisi na mtoto, aitulize mito ya huku na ya huko, na atufikishe Idi tukiwa na mahali pa kuitandikia mikeka.

Ni mimi, mjomba wako nikupendaye, ambaye nitakuwa nimesimama Kalundu kila meli ikifika,

Selemani